Masika Tuliyoongea na Ng'ombe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza kweli. Jana kanisani ilipiga bati mpaka mchungaji akakatisha mahubiri, na leo nusu ya darasa langu la tatu hawakufika. Waliofika walikuwa na tope mpaka magotini. Tumesoma hesabu kwa kupigiana kelele kama watu walioko ng'ambo mbili za mto.

Jioni Nelson alipiga simu. Amempata mwalimu wa kubadilishana nami. Anaitwa Beatrice, anafundisha Dodoma, shule si mbali na pale Nelson alipopanga, na mumewe anaishi mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini. Yeye aje kwangu, mimi niende kwake. Miaka kumi na moja nimeomba uhamisho wa kumfuata mume, nimepewa kila jibu linalojulikana serikalini, na leo mtu amepatikana kwenye kundi la WhatsApp la walimu.

"Umefurahi, mama Tulia?"

"Sana."

"Mbona kimya?"

"Nimefurahi kimya kimya."

Akacheka, akakata. Ni dereva wa ofisi, kila mara yuko barabarani. Nimeamua kuandika masika haya kwa sababu nikiondoka nitataka kuyakumbuka, na kwa sababu nyumba hii haina wa kuongea naye. Tulia yuko bweni Mbeya, kidato cha tatu. Mama mkwe tulimzika mwaka jana.

Jumatano, 5 Machi

Zamu yangu shuleni. Mvua. Mwavuli umepinduka, watoto wakashangilia.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu Edward, kijana aliyeletwa kutoka Mwanza, kaniuliza ninaishi na nani. Nikamwambia, na baba mkwe.

"Afadhali! Jioni mnapiga stori."

Walimu wenyeji wakaangua kicheko, ikabidi nimweleze. Kwetu, kwa wazee wa aina ya Mzee wangu, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono. Nikimwona njiani naingia migombani. Akiniona yeye kwanza, anaingia yeye. Jina lake silitamki. Wengi siku hizi wameacha, lakini mimi nimezaliwa Lupepo na kulelewa hivyo, na Mzee hajawahi kuacha jambo alilolianza.

"Kwa hiyo mnachukiana?"

"Tunaheshimiana."

"Sasa tofauti yake nini, mwalimu?"

Kengele ikaniokoa.

Sikumweleza yote. Mama mkwe ndiye alikuwa mdomo wetu. Mzee alimwambia yeye, yeye akaniambia mimi, na njiani aliongeza chumvi yake. Tangu afariki, naweka chakula cha Mzee kwenye kigoda mlangoni kwake, nagonga kifuniko, naondoka. Asubuhi nakuta maziwa juu ya jiwe la jikoni. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Jumapili, 9 Machi

Leo Mzee ameongea na ng'ombe.

Nilikuwa nyuma ya banda nakata majani, yeye ndani anakamua. Hatuonani, kati yetu kuna ukuta wa mianzi. Nikamsikia anasema kwa sauti ya kanisani, "Sekela, chumvi yako imekwisha. Na mboga ya jana ilikuwa tamu, Sekela. Ila pilipili, mwe! Pilipili!"

Sekela hajawahi kula pilipili maishani mwake. Nilisimama na mundu mkononi. Moyo ulinidunda kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Sekela," nikasema, "pilipili nitapunguza. Chumvi nitanunua kesho mjini."

Maziwa yakaendelea kuchuruzika kwenye ndoo.

"Ndaga fijo, Sekela," akasema. Asante sana.

Jumanne, 11 Machi

Chumvi imenunuliwa. Sekela ameshukuru.

Jumamosi, 15 Machi

Beatrice amenitumia ujumbe wa sauti, mrefu kama somo la vipindi viwili. Anasema Hezron, mumewe, amepaka rangi chumba. Anasema akisikia mtu anakohoa kama Hezron sokoni Dodoma anageuka. Usiku anavaa fulana yake kuukuu aliyoisahau. "Dada Vaileth, Mungu akubariki, wewe unajua hali hii, wewe unaelewa." Kisha akalia kidogo, akaomba radhi, akalia tena.

Nimeusikiliza mara mbili. Sijawahi kugeuka sokoni kwa sababu ya kikohozi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua, mvua. Daftari za watoto zinanuka ukungu.

Alhamisi, 27 Machi

Prisca, mama wa mmoja wa wanafunzi wangu, kaja shuleni amevimba. "Mwalimu, mwanangu ana jina. Tangu Januari unamwita 'wewe wa dirishani'. Amekukosea nini?"

Mtoto huyo ni wajina wa Mzee. Nikamnong'oneza mama yake. Akashika kinywa.

"Ee mwe! Ungesema mapema! Mimi nimeshakusengenya Kisondela nzima."

Tumecheka mpaka Mwalimu Mkuu akachungulia. Prisca akasema mwanawe ataendelea kuwa wa dirishani, ila nisimhamishe kiti.

Jumapili, 6 Aprili

Sasa Sekela anapata habari kila jioni. Nimemweleza kwamba mwanafunzi mmoja aliandika nyuki ni ndege anayekasirika. Mzee alicheka ndani ya banda, kicheko kifupi, kisha akakigeuza kuwa kikohozi. Naye kamweleza Sekela jinsi alivyomposa mama mkwe: alikwenda kwao mvua ikinyesha, amebeba viatu mkononi ili visilowe, na akaingia sebuleni na miguu ya tope akiwa ameshika viatu safi. "Alinikubali kwa sababu ya ujinga, Sekela. Alisema huyu anahitaji mtu."

Nilibaki nyuma ya ukuta muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Nina miaka arobaini na moja, nina mume, na saa yangu nzuri kuliko zote ni hii ya kunong'ona na ng'ombe. Najionea huruma na kujicheka kwa pamoja.

Jumatatu, 21 Aprili

Nelson alikuja Ijumaa Kuu, ameondoka asubuhi hii. Niandike yote kwa haki, maana Nelson si mtu mbaya.

Alifika amelowa, akanikumbatia kwa upande mmoja kwa sababu upande wa pili alishika begi. Ameniletea viatu, vizuri kweli, ila ni vikubwa. Nikamwambia vinanitosha. Nilimpikia ndizi kwa maziwa kama zamani, akala kidogo akaomba ugali. Usiku mvua juu ya bati haikumwacha alale. "Mnalalaje na kelele hizi?" akauliza. Mimi ndizo hunilaza.

Jumamosi alishinda kwa baba yake. Niliwasikia wanacheka mle ndani na niliona wivu, sijui nilimwonea nani. Tulipokaa wawili tuliongelea ada ya Tulia, bati la jikoni, na mfumo wa uhamisho ulipofikia. Vikaisha. Tukawa kama abiria wawili waliokaa kiti kimoja na safari bado ndefu.

"Na Mzee?" nikamuuliza.

"Atakwenda kwa Obed, Mbeya." Obed ni mdogo wake Nelson. "Mzee ameshakubali?" nikauliza. "Nitamwambia," akasema.

Hakumwambia. Asubuhi, kabla ya kupanda bodaboda, alinishika mkono akasema, "Karibu Dodoma." Alivyosema hivyo alikuwa kama mtu wa mapokezi. Nilimpungia mpaka bodaboda ikapotea kwenye kona, nikaingia ndani, nikajisikia nimepumzika. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimefua. Hakuna kilichokauka.

Ijumaa, 2 Mei

Ujumbe wa Beatrice: ombi letu limepita wilayani, kote kote. Ameanza kufunga vyombo. Nimemjibu kwa vidole gumba vitatu.

Alhamisi, 8 Mei

Niandike ya jana kabla hayajachanganyika.

Jana nilitoka shule mapema kwa sababu mvua ilikuwa inaingia darasani. Nilipofika nikasikia Sekela anaitwa. "Sekela! Sekela!" Lakini Sekela alikuwa bandani, anatafuna, ananitazama. Sauti ilitoka chini, kwenye migomba ya mteremkoni. Nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope.

Mzee alikuwa ameteleza akaangukia kwenye mfereji. Mguu umepinda vibaya, maji yanampita kifuani. Aliponiona alivuta kofia akafunika uso. Mtu anakufa kwa baridi, anafunika uso!

"Mwite Lazaro," akasema ndani ya kofia.

Lazaro ni jirani yetu. "Lazaro yuko mjini."

"Mwite mtu."

"Mzee, mtu ndiye mimi."

Mvua ilitupiga. Nilimwona anafikiri, kweli anafikiri, kama mtu anayechagua, na mimi nilikuwa naogopa kwamba atachagua mfereji. Niliogopa na mimi mwenyewe, maana mikono yangu haikutaka kwenda. Miaka kumi na saba imefundishwa kurudi nyuma. Mwishowe nilishuka nikaingia majini, nikamgeuzia mgongo ili asinione uso, nikasema, "Shika shingo."

Akashika. Ni mwepesi. Sikutegemea awe mwepesi vile. Nimempandisha mteremko ule kwa magoti, nikishika migomba, naye hakulia, ila nilisikia meno yake yanagongana sikioni kwangu. Juu tukakuta vijana, mmoja akaleta bodaboda, tukapanda hivyo hivyo, Mzee katikati.

Hospitalini nesi, binti mgeni, akaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema, "Mzee."

"Mzee nani, mama?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Sawa, jina lake."

Nikageuka huku na huku kutafuta wa kunisaidia. Foleni nzima ilikuwa inanitazama. Wanawake wawili watu wazima walielewa, niliwaona wameinamisha vichwa, lakini hawakulijua jina. Mzee alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, amegeukia ukuta.

"Mama mzima hujui jina la baba mkwe wako?" nesi akasema, bila ubaya.

Nikalitamka. Ambindwile. Lilitoka dogo, ikabidi nilirudie. Mgongo wa Mzee ulishtuka, kisha ukatulia. Nimeliandika hapa pia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu jana lilikuwa langu.

Ijumaa, 9 Mei

Darasani nimemwita wa dirishani kwa jina lake. Darasa zima liligeuka. Yeye mwenyewe hakuitika, alidhani naita mwingine.

Jumatatu, 12 Mei

Mzee amerudishwa na plasta. Nilifagia mwenyewe nyumba yake, nikatandika, nikasimama mlangoni kumpokea. Nilidhani sasa tumevuka. Aliponiona pale akamwambia Lazaro asimame, na wakasubiri nje, mgonjwa kwenye mvua, mpaka nilipotoka kwa mlango wa nyuma.

Nimelia jikoni kama mtoto. Nilidhani ukimbeba mtu mgongoni ukuta unaanguka. Haukuanguka. Umepakwa chokaa upya.

Alhamisi, 15 Mei

Lazaro anakamua. Mzee amewekewa kiti nje, karibu na banda. Nilipita kimya upande wangu, sikumsalimu Sekela wala nani. Nilikuwa nimekasirika kweli. Nikasikia,

"Sekela, umenuna? Usinune. Mtu akikuokoa, unamheshimu zaidi. Humheshimu kidogo."

Niliendelea kukata majani.

"Huyo mama yako marehemu hakunibeba hata siku moja, Sekela. Na alikuwa na nguvu."

Nikacheka. Sikupenda kucheka, nikacheka. Basi.

Jumanne, 20 Mei

Simu kutoka kwa Nelson. Barua zinatoka mwisho wa mwezi, na mpaka hapo yeyote anaweza kujitoa. Nilikuwa nimekaa barazani ambako mtandao unashika.

"Siwezi kuja," nikamwambia. "Baba yako ana plasta. Nani atampikia?"

"Obed."

"Mzee hawezi kuishi Mbeya, Nelson. Mkewe amelala hapa. Atakufa kwa upweke, sitaki dhambi hiyo. Tusubiri mwaka mwingine."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Sawa. Tusubiri." Upesi hivyo. Kisha akaniuliza kama maharage yameota.

Ijumaa, 23 Mei

Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikaona kivuli mlangoni. Nikainua macho. Mzee amesimama pale kwa magongo yake, amevaa koti la kanisani, uso wazi. Nyuma yake gari la Obed, na begi limeshapakiwa.

Nilitaka kukimbia. Akainua mkono.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Miaka yote hii nimepikia uso nisioujua. Ana kovu juu ya nyusi. Ana macho ya Nelson kabisa.

"Mimi nimeumia mguu," akasema. "Masikio mazima. Juzi nilisikia simu."

"Mzee, mimi—"

"Usinifanye mimi sababu." Alisema polepole, Kiswahili chake cha kuchagua. "Nimekuwa mume, nimekuwa baba, nimekuwa mzee wa kanisa. Sijawahi kuwa sababu ya mke kukaa mbali na mumewe. Kama unataka kwenda, nenda. Kama hutaki, usiende. Lakini useme wewe, kwa mdomo wako. Mimi nakwenda kwa Obed, ili usinikute mlangoni unapotafuta la kusema."

"Na kaburi?"

"Kaburi halina haraka. Nitakuja nikipona." Akanitazama kidogo zaidi. "Ndizi zako za maziwa ni nzuri kuliko za mke wangu. Sikuweza kumwambia ng'ombe, ningekuwa nimemsaliti marehemu."

Akageuka. Obed akamsaidia kupanda. Sekela amebaki kwa Lazaro. Gari liliondoka, nikarudi kwenye madaftari.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani, nyumbani. Mvua imepungua. Ni kimya kibaya kuliko mvua.

Jumatano, 28 Mei

Nimempigia Nelson mwenyewe, baada ya vipindi, kabla sijavua hata viatu.

"Nelson, si Mzee."

"Nini si Mzee?"

"Sababu. Sababu ni mimi. Sijui kama nataka kuja. Namsikia Beatrice anavyomlilia mumewe, na mimi silii. Nimejaribu. Silii."

Nilitazama simu kama imekatika. Kisha akasema, "Asante."

"Asante ya nini?"

"Ulivyosema tusubiri nilifurahi, Vai. Nikajichukia. Nimekaa nawaza: atakuja, atakuta chumba kimoja, redio, na mimi. Nakula nimesimama siku hizi. Sijui kukaa mezani na mtu."

Hajaniita Vai tangu Tulia azaliwe. Nikamuuliza lile ambalo kila mwanamke angeuliza.

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Kuna mazoea."

Ingenichoma, ikaniondolea mzigo. Nikamwambia, "Hata huku." Na kutoka hapo, sijui ilikuwaje, tukaongea. Nikamwambia viatu ni vikubwa. Akasema alijua nilipotembea navyo sebuleni, aliona aibu. Ameacha sukari, nilikuwa sijui. Anavaa miwani ya kusomea, nilikuwa sijui. Nikamweleza habari za Sekela na pilipili na mama yake aliyempenda mtu kwa tope la miguu, akacheka mpaka akakohoa, kisha nikatambua kwamba analia. "Mimi hajawahi kuniambia hiyo," akasema. Simu ilipata joto sikioni. Giza likaingia sijawasha taa.

"Basi nijitoe?" nikauliza mwishoni.

"Beatrice je? Ameshafunga vyombo."

"Nakuuliza wewe, simuulizi Beatrice."

Akafikiri. Napenda kwamba alifikiri.

"Mke sijui kama namsubiri, Vai. Ila huyo anayeongea na ng'ombe ningependa kumjua."

Ijumaa, 30 Mei

Sikujitoa. Hakuna aliyenilazimisha, wala Beatrice, wala Mzee, na naandika hivyo ili nisije nikadai vingine baadaye. Darasa la tatu wameimba wimbo wa kuniaga, wa dirishani kaimba kwa nguvu kuliko wote. Ninaogopa sana. Naweza kufika kule na tukawa abiria tena. Nimemwambia Nelson nakwenda kama mgeni, nisitarajiwe kuwa mke siku ya kwanza, akasema naye asitarajiwe kuwa mume.

Jioni hii ameandika ujumbe: atanipokea stendi, nitavaa nini ili anitambue? Tulionana Pasaka, lakini nadhani anauliza kweli.

Nimemjibu, kitenge cha njano. Kisha nikamuuliza, na wewe utavaa nini?